Fundi wa Nyuso

Katika mji ule ilikuwa vigumu kupata sebule isiyokuwa na kazi ya mikono ya Shangazi ukutani, na ilikuwa vigumu zaidi kupata mtu aliyejua hivyo. Watu waliijua studio ya pale kona, yenye pazia la bluu na kiti cha mgongo mrefu. Walimjua mwenyewe, Bwana Picha, mtu wa tai na mafuta ya nywele, ambaye alikuwa akikuambia uinue kidevu nawe unakiinua, hata uwe hakimu. Nyuma ya pazia hawakupajua. Huko, kando ya dirisha lisilopigwa na jua, aliketi mwanamke juu ya stuli, jicho moja kwenye lenzi na penseli mkononi, akiwaondolea watu chunusi.

Picha za enzi hizo zilizaliwa kwenye negativu, ule utando ambamo cheupe huonekana cheusi na cheusi huonekana cheupe. Kovu, kunyanzi, doa, kila kinachotia giza usoni, humo huonekana kama kitundu cha mwanga. Shangazi aliipaka negativu dawa ya kunata, akachonga penseli kwenye msasa hadi ncha ikawa ndefu na nyembamba kama sindano, kisha akaviziba vitundu hivyo kimoja kimoja, kwa mikwaruzo midogo kama miguu ya sisimizi, mpaka mahali palipozibwa pakalingana na ngozi ya jirani. Picha ikitoka, bibi harusi ana uso kama yai. Mama yake alimshukuru Mungu, bwana harusi alijishukuru mwenyewe kwa kuchagua vizuri, na sifa zilizobaki alichukua Bwana Picha. Ndivyo ilivyokuwa kazi ile. Ikionekana, imeharibika.

Posa ilimjia mara moja maishani. Mchumba aliletwa, akakaribishwa kiti, akatazamwa. Shangazi alimtazama kwa utulivu mkubwa, kutoka paji la uso kushuka chini, akipanga moyoni angeanzia wapi. Yule bwana alipofika nje alimwambia mshenga, "Huyu dada hatafuti mume, anatafuta kosa." Hakurudi, na Shangazi hakumkumbuka ila ile mikunjo miwili kati ya nyusi, ambayo ingempa kazi.

Aliishi chumba cha uani katika nyumba ya kaka yake. Kaka alikuwa mkuu wa shule, mtu wa sauti nzito na mashati yaliyonyooshwa, na siku alipozikwa maduka yalifungwa bila kuambiwa. Ukumbi wa shule ukapewa jina lake. Nyumba ikabaki kwa mjane wake, ambaye naye hakuwa mtu wa kuachwa mlangoni: alisoma kuliko mumewe, akawa mkaguzi wa shule mpaka akastaafu, na mtaa mzima uliendelea kumwita Mkaguzi kwa sababu hakuacha kukagua. Alikagua mikunjo ya shuka. Alikagua salamu. Mtu akimwamkia huku anatafuna, alimsubiri ameze ndipo aitikie. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, kijana mpole aliyekwisha kupata mchumba kutoka kwenye nyumba ya watu wanaoheshimika, na hilo ndilo lililokuwa limeshika roho ya mama yake mwaka ule.

Simu zilipoanza kupiga picha, studio ilianza kufa. Bwana Picha akatangulia, studio ikamfuata. Watoto wake wakauza kiti na pazia, maboksi ya negativu wakayasogeza karibu na jalala. Shangazi akakodi mkokoteni, akayaleta nyumbani pamoja na mashine ya kukuzia picha, sinia za dawa na meza ya kioo aliyokuwa akifanyia kazi.

Mkaguzi alikuwa barazani, miwani kwenye ncha ya pua. "Wifi, hizi takataka zina mwenyewe, au ndiyo tumerithi?"

"Ni nyuso za watu, wifi."

"Nyuso za watu wanatembea nazo. Mimi nauliza haya maboksi."

"Yatakaa chumbani kwangu."

"Na wewe utakaa wapi?"

Shangazi alikaa humo humo, katikati ya nyuso, kitanda kikabaki na upana wa benchi.

Na hapo ndipo alipoanza vituko, kwa lugha ya Mkaguzi. Maisha yake yote Shangazi alifanya alichoambiwa, juu ya picha iliyopigwa na mtu mwingine. Sasa hakuna aliyemwambia kitu. Alichukua kopo la maziwa ya unga, akalitoboa kwa sindano, akaweka ndani karatasi ya picha, akaliziba na kuliweka juu ya ukuta wa uani kwa muda wa mtu kunywa chai na kuosha kikombe. Karatasi ilipotoka kwenye dawa ilikuwa na kamba ya nguo, mashuka, ndoo na kivuli cha ukuta. Mwanamke aliyekuwa akianika, ambaye alikuwa anakwenda na kurudi muda wote ule, hakuwepo kabisa. Alikuwa hajatulia mahali pamoja kiasi cha mwanga kumshika.

"Kumbe nguo zimejifua," alisema mfuaji, akiigeuza ile karatasi.

"Basi mwisho wa mwezi nitailipa kamba," alisema Mkaguzi.

Kisha Shangazi alitoa kioo kwenye fremu ya zamani, akakishikilia juu ya kibatari mpaka kikajaa masizi, akachora juu yake kwa ncha ya sindano. Kioo kile alikilaza juu ya karatasi ya picha, akawasha taa kidogo, akazima. Kila sindano ilipopita palitoka mstari mweusi, mwembamba, laini kuliko wa penseli yoyote. Ilikuwa picha iliyochorwa, na tena ilikuwa mchoro uliopigwa, na hapakuwa na kamera. Alichora alichokiona kutoka dirishani kwake: Mkaguzi amelala barazani na gazeti kifuani, kinywa wazi. Alizitoa picha nyingi, kila moja ikiwa na weusi wa aina yake, akazianika kitandani.

Mkaguzi alizikuta hapo. Alikaa akazitazama moja baada ya nyingine, kama anayesahihisha mtihani.

"Huyu nani?"

"Mtu tu."

"Mtu tu amevaa miwani yangu." Alikiona kioo cha masizi juu ya meza, akakichukua, akakifuta kwa kitambaa cha meza, taratibu, pande zote mbili, mpaka kikang'aa. "Kilikuwa kichafu, wifi. Nimekusaidia."

Shangazi alifikiri tu kwamba masizi ya kibatari yanafutika upesi mno, na kwamba safari nyingine atatafuta rangi inayoshika.

Ugunduzi wenyewe aliupata kwa kumwaga. Chupa ya tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi, ilianguka mezani, ikalowesha negativu ya bibi harusi mmoja wa zamani. Shangazi aliifuta haraka haraka kwa pamba, kisha akaiinua dirishani kuona kama imepona. Upande mmoja wa uso ulikuwa kama alivyouacha, laini. Upande wa pili tapentaini ilikuwa imeondoka na dawa ya kunata pamoja na penseli yote, na zile chunusi zimerudi mahali pake kila moja, kama watu waliotoka kutembea.

Aliichapa kubwa. Nusu moja ya uso ilikuwa ya Mungu na nusu ya pili ilikuwa ya kwake, na mpaka ukapita katikati ya pua. Miaka yote kazi yake ilikuwa haionekani kwa sababu ilikuwa nzuri. Sasa ilionekana, na ilionekana nzuri vile vile, kwa kuwa palikuwa na mahali pembeni yake ambapo haikuwepo.

Baada ya hapo hakushikika. Akachagua hakimu, akamrudishia nusu ya makunyanzi. Akachagua mfanyabiashara mmoja mkubwa, akamrudishia kovu la shavuni ambalo watoto wake mwenyewe walikuwa hawalijui. Alichagua kwa makini nusu ipi ya kufuta, na sitamsingizia nikisema hakuchagua nusu ya huruma. Mwenye duka la mtaani alipoonyeshwa picha yake ya harusi alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani nilikuwa na chunusi zote hizi? Na yule mwanaume aliniambia mimi malaika."

"Alikuambia kabla ya picha au baada?"

"Baada."

"Basi aliniambia mimi," alisema Shangazi.

Habari zilimfikia mkuu wa maktaba ya mji, bwana mmoja mrefu aliyevaa sweta hata kwenye joto, na ambaye alikuwa anatafuta picha za zamani. Alikuja na mkoba wake, akainama kuingia chumba cha uani, akasimama mbele ya zile nyuso bila kusema, mpaka Shangazi akadhani ameudhika.

"Huu upande wa chunusi najua," alisema mwishowe. "Huo ni wa kamera. Huu mwingine nani amefanya?"

"Mimi."

Alikuwa mwanamke wa makamo yaliyopitiliza, na hilo lilikuwa swali ambalo hakuwahi kuulizwa. Mkutubi akamwambia atampa ukumbi wa kusomea, kuta zote, na mlangoni litawekwa bango lenye jina lake, na chini ya jina neno moja: msanii.

"Ila nataka moja ya katikati," alisema. "Ile kazi yako kubwa kuliko zote. Mtu akiingia aione hiyo kwanza. Ipo?"

"Nitaangalia," alisema Shangazi, ingawa alikuwa anajua negativu yake iko kwenye boksi gani.

Picha yenyewe ilikuwa sebuleni, juu ya kochi, na kila mgeni aliisifu. Mkuu wa shule amesimama, mkono wake juu ya bega la mkewe kijana. Mke ameketi, mtoto mchanga mapajani, macho yake makubwa mawili yanakutazama bila wasiwasi. Ilipigwa shule ilipofunguliwa rasmi, ikatoka gazetini.

Siku ile mke aliingia studio ameshusha kitambaa cha kichwa mpaka karibu na pua. Alipokivua, Bwana Picha alimtazama yeye, akamtazama mume, kisha akaanza kurekebisha taa ambayo alikuwa ameshairekebisha. Damu ilikuwa imevilia chini ya jicho la kushoto mpaka kwenye mfupa wa shavu, na jicho lenyewe limefumba. Kaka alipita nyuma ya pazia. "Dada," alisema kwa ile sauti nzito, bila haya na bila hasira, "picha hii inakwenda gazetini. Ifanye inavyotakiwa." Shangazi akatoka mbele, akamshika wifi yake kidevu kwa vidole viwili, akamwambia ageuze uso kidogo kwenye mwanga. Hayo ndiyo yote aliyomwambia.

Lakini kazi aliyoifanya baadaye haikuwa na mfano. Chunusi ina ngozi nzima pembeni ya kuigiza. Pale hapakuwa na ngozi nzima. Ilibidi alichore shavu lote upya, kwa kulitazama shavu la kulia na kuligeuza kichwani. Ilibidi alifumbue jicho. Alichora kope, na mboni, na kile kinukta cha taa kinachokaa kwenye mboni, vyote kwa penseli, vyote kinyume, cheusi kwa cheupe, kwenye mahali padogo kuliko ukucha. Haikuwa tena kusafisha. Ilikuwa ndiyo sura pekee aliyoichora maishani mwake kwa mkono mtupu, na ilikaa ukutani miaka yote ikisifiwa kwamba kamera za zamani zilikuwa kamera kweli.

Mtu asije akasema kwamba Shangazi alitaka kumtendea haki wifi yake. Kama haki ndiyo iliyomsumbua, alikuwa na muda wa kutosha kaka yake alipokuwa hai, na chumba chake kilikuwa kinapakana na chao. Alichotaka ni watu waone lile jicho.

Nusu kwa nusu isingetosha hapa, maana nusu ya pili haikuhitaji fundi. Kwa hiyo aliichapa kwanza nzima, kama ilivyokuwa, kubwa, kichwa cha mwanamke peke yake. Kisha akalowesha pamba. Alifuta kuanzia shavuni kwenda juu. Jicho lilifumba mbele yake, taratibu, chini ya pamba, na Shangazi akahisi uchungu, lakini ulikuwa uchungu wa mtu anayebomoa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Akachapa ya pili. Akaziweka pamoja: mwanamke yule yule, macho mawili, jicho moja.

Juma la maonyesho Mkaguzi alimwuliza wakiwa mezani, "Mtaa mzima unasema umewatundika. Sisi hatumo humo?"

"Ninyi mko sebuleni, wifi."

"Vizuri. Nitakuja na wakwe. Waone kwamba nyumba hii ina watu wa sanaa pia, siyo walimu watupu." Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja kwa wema, na Shangazi aliitikia na kuendelea kula.

Ukumbi ulijaa. Bango lilikuwa mlangoni kama lilivyoahidiwa, na Shangazi alipita mbele yake zaidi ya inavyohitajika. Watu walikuwa wanatafutana ukutani na kuchekana. Mwenye duka alikuwa amesimama chini ya chunusi zake kama anayeziuza. Walimwendea fundi, wakamshika mikono, wakamwuliza alikuwa anatumia penseli gani, na yeye, aliyekaa nyuma ya pazia maisha yake, alisimama katikati ya watu akieleza msasa na dawa ya kunata, sauti ikizidi kupata nguvu. Mbele ya zile picha mbili za katikati watu walikuwa wanapunguza sauti. Walikuwa wameielewa. Wengine walirudi nyuma wakaja tena, wakasogeza nyuso zao karibu na lile jicho lililofumbuliwa, wakitafuta penseli wasiione. Mkutubi alisimama pembeni amekunja mikono. "Hii," alimnong'oneza, "hii ndiyo yenyewe."

Mkaguzi aliingia na mwanawe, na wakwe watarajiwa, mume na mke, nyuma yao. Njia ilifunguka yenyewe. Alifika katikati kabla hajavaa miwani, kwa hiyo mama wa mchumba ndiye aliyeona kwanza.

"Huyu si wewe, dada?" alisema yule mama, na papo hapo akatamani asingesema.

Mkaguzi alivaa miwani. Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili. Mwanawe alikuwa anaitazama ya pili tu. Ukumbi mzima ukawa kama darasa mkaguzi anapoingia.

"Wifi," aliita Mkaguzi, kwa sauti ya kawaida inayofika mpaka kiti cha mwisho, "hebu njoo utueleze. Hii ni mimi, nimeiona. Na hii ya pili, imefanyaje hapa shavuni?"

Shangazi alifungua kinywa.

"Nauliza kwa sababu wageni wangu hawajui mambo ya studio," aliendelea Mkaguzi. "Mimi mwenyewe nimesikia negativu zikikaa sana kwenye unyevu huingia kuvu. Na chumba chako kina unyevu, nimekuambia mara nyingi. Sasa sema wewe uliye fundi. Hili doa ni kuvu, au ni kitu kingine? Na kama ni kitu kingine, waeleze kimetoka wapi. Tunakusikiliza."

Hapakuwa na mtu pale asiyejua jibu. Walimtazama Shangazi, na Shangazi akaona sentensi yote aliyotakiwa kuisema, ikiwa na jina la kaka yake mwanzoni. Jina ambalo liko juu ya mlango wa ukumbi wa shule, na ambalo, kwa ukoo, ndilo lake pia, lile lile lililoandikwa kwenye bango pale nje. Alimtazama Mkutubi. Mkutubi alitazama viatu vyake.

"Ni kuvu," alisema.

"Hawajasikia nyuma."

"Ni kuvu. Negativu imeingia kuvu."

"Kwa hiyo hii ya kwanza ni kabla haijaharibika, na hii ya pili ni baada."

"Ndiyo."

"Na ulitundika picha iliyoharibika katikati ya ukumbi, kwa bahati mbaya."

Shangazi alizitazama zile picha mbili.

"Macho, wifi. Umri," alisema Mkaguzi kwa upole wa kutisha, akageukia wakwe. "Ni dada wa marehemu. Tunakaa naye."

Watu walipumua. Wangeweza kuishia hapo, lakini walikuwa wameogopa, na mtu aliyeogopa hutafuta cha kucheka. Sauti ya yule mfanyabiashara ikatoka upande wa dirisha: "Basi na kovu langu ni kuvu." Kicheko cha kwanza kikatoka. "Na chunusi zangu mimi," alisema mwenye duka, "kuvu tupu. Nilijua tu. Mimi nilikuwa malaika." Hakimu mstaafu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafurahia makunyanzi yake, alicheka kuliko wote. Walizunguka ukuta hadi ukuta wakinyoosheana vidole, kuvu hii, kuvu ile, mpaka hapakubaki uso hata mmoja uliofanywa na mtu. Kulikuwa na kamera nzuri, na kulikuwa na chumba chenye unyevu. Mkutubi alizishusha zile picha mbili mwenyewe, akampa Mkaguzi, akamwomba radhi. Hakumwomba Shangazi. Kijana alimshika mama yake mkono wakatoka. Hakuuliza kitu siku ile, wala hajauliza mpaka leo.

Kesho yake mchana Mkaguzi aligonga mlango wa chumba cha uani. Alikuwa hajawahi kugonga. Mkononi alikuwa na ile picha ya sebuleni, ameitoa kwenye fremu, na mkasi.

"Keti mezani kwako," alisema. "Toa ile negativu."

Shangazi aliitoa.

"Ulijua," alisema Mkaguzi.

"Nilijua."

"Chumba hiki na kile cha kwetu, ukuta ni mmoja."

"Ndiyo, wifi."

"Siku ile studio uliniambia nini?"

Shangazi alitazama mikono yake. "Nilikuambia ugeuze uso kwenye mwanga."

"Nikageuza," alisema Mkaguzi. "Mume wangu nilimvumilia, nikamzika kwa heshima, na jina lake nimelishika kwa mikono miwili kwa sababu ndilo la mwanangu. Hayo ni ya kwangu. Mimi ndiye niliyeyalipia. Wewe ukayatundika ili usifiwe kope."

"Nilitaka waone kazi, wifi."

"Wataiona." Alikata ile picha ya sebuleni katikati, kisha akakata tena, bila haraka, kama anayekata kitambaa cha kupangusia. Macho yale mawili makubwa yalianguka sakafuni kila moja upande wake. "Umewafundisha watu kutazama. Hii ikirudi ukutani, kila mgeni ataisogelea shavuni kutafuta penseli. Kwa hiyo haitarudi. Itakwenda nyingine. Chonga penseli yako."

"Naweza kuirudisha kama ilivyokuwa," alisema Shangazi upesi. "Mikono haijafa. Nipe siku chache, hutajua kama ilifutwa."

"Sitaki kama ilivyokuwa. Chonga."

Alichonga. Akapaka dawa ya kunata, akainamisha jicho kwenye lenzi, akaanza na ile mikwaruzo yake ya sisimizi.

"Bonyeza," alisema Mkaguzi juu ya bega lake.

"Nikibonyeza litatoka doa jeupe. Litaonekana mpaka mlangoni."

"Bonyeza."

"Wifi, hii ni kazi ya mtoto. Watasema fundi hajui."

"Ndiyo watakavyosema. Watasema picha ilikuwa nzuri, kuvu ikaingia, fundi mzee akaiparamia na penseli. Kisha wataacha kutazama. Doa jeupe halimsemi mtu vibaya." Alivuta kiti, akaketi. "Kama hutaki, vaa viatu. Twende shuleni sasa hivi, tusimame chini ya jina lake, ukawaambie alama ilitoka wapi. Nitakuwa pembeni yako, na sitakukatiza."

Shangazi alikaa na penseli hewani. Viatu vyake vilikuwa pale, chini ya kitanda. Kisha aliinama, akabonyeza. Alipaka kama mtu anayepaka dari, kwenye mfupa wa shavu, kwenye kope, juu ya mahali palipokuwa na mboni, mpaka ncha ikavunjika. Mkaguzi akampa penseli nyingine.

Walichapa pamoja, Mkaguzi akishika saa. Picha ilipopanda kwenye dawa ilikuwa na mume mwenye heshima zake, mtoto mchanga mzuri, na mwanamke ambaye upande mmoja wa uso wake ulikuwa mweupe kama mtu aliyemwagiwa chokaa.

"Safi," alisema Mkaguzi. "Ndiyo hiyo."

Harusi ya kijana ilifanyika bila doa. Picha iko sebuleni, juu ya kochi, kwenye fremu ile ile. Kila mgeni huitazama, husita, na wenye adabu chache huuliza ni nani aliyeiharibu picha nzuri namna ile. Shangazi hukaa kiti cha pembeni wakati wa wageni. Mkaguzi ameagiza awe anakaa nao, asijifungie uani kama mtu asiye na kwao.

"Wifi yangu huyu," husema Mkaguzi, akimwekea mkono begani. "Ni msanii. Hiyo ndiyo kazi yake."

Na wageni humgeukia, wakamtazama vizuri.